Chenji: neno la Kilatini lililomo mkobani mwetu



Kila ukikaribia msimu wa harusi, mwezi wa Shaabani kabla ya Ramadhani na tena Mfunguo Mosi, swali moja hutujia kwa wingi kuliko mengine. Bibi harusi ana bangili za zamani alizoachiwa na bibi yake. Anataka kuzipeleka kwa sonara, azitoe, aongeze pesa kidogo, apewe seti mpya. Wenyewe tunaita "kuchenji dhahabu". Inafaa au haifai? Jibu tutalitoa, lakini safari hii tumeamua kupitia njia ndefu kidogo, kwa sababu hilo neno kuchenji lina historia tamu, na historia yenyewe inagusa riba, mahari na ndoa, mambo yetu hasa.

Chenji ni neno la kila siku. Unapanda daladala, unatoa noti ya elfu kumi, konda anakwambia hana chenji. Ukienda sokoni Darajani kununua tangawizi, muuzaji anazunguka maduka matatu kutafuta chenji. Wanaoagiza mzigo Dubai wanachenji shilingi wapate dola. Tumelipata kwa Waingereza, hilo kila mtu analijua. Lakini Waingereza nao walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini lilikuwa cambire au cambiare, maana yake kubadilishana kitu kwa kitu. Wataalamu wa lugha wengi wanaona hata Warumi walilichukua kwa jirani, kwa watu wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, na kwamba mzizi wake ulihusu kupinda au kugeuka.

Mmoja wa watu wa kale kabisa ambao maandishi yao yana neno hili ni Mwafrika wa Kaskazini. Anaitwa Apuleius, mzaliwa wa Madauros, mji uliopo Algeria ya leo. Na pahala alipolitumia, ndugu zangu, ni mahakamani, kwenye kesi ya ndoa.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika miaka ya 150 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, Apuleius alikuwa kijana msomi asiye na mali nyingi, yuko safarini kwenda Alexandria. Akaumwa njiani, akakaa katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli, Libya. Hapo akamwoa mjane tajiri aitwaye Pudentilla, mama wa vijana wawili, mkubwa kwa mumewe kwa miaka, aliyekaa ujane kama miaka 14. Jamaa za marehemu mume wake wa kwanza hawakufurahi. Walikuwa na macho yao kwenye ile mali. Wakamshitaki Apuleius kwamba amemroga mwanamke wa watu ili amle utajiri wake. Kesi ikasikilizwa Sabratha, mbele ya gavana wa Kirumi.

Tunajua kuna wanaosoma hapa na kutabasamu, maana maneno haya hayajazeeka. Mjane akiolewa na kijana, mtaani watasema nini? Amemtilia kitu.

Hotuba ya utetezi ya Apuleius imebaki mpaka leo. Mahala fulani anamgeukia mshitaki wake, Aemilianus, shemeji ya Pudentilla, na kumwambia kwa kejeli kwamba hajui wala hajali kama ana watumwa wa kumlimia shamba, au yeye na majirani zake hubadilishana kazi, leo kwangu kesho kwako. Hapo kwenye kubadilishana kazi ndipo lilipo neno letu. Kwa hiyo neno linalohusishwa leo na soko la hisa na ofisi za fedha za kigeni, tunalikuta kwenye habari ya watu kulimiana mashamba kwa zamu. Kwetu tungesema kazi ya kikoa. Hakuna pesa ndani yake hata senti moja.

Na kwa kuwa hapa tunazungumza na wanawake wanaoolewa, tusipite bila kutaja mahari ya Pudentilla. Kwa Warumi mambo yalikuwa kinyume na yetu: mali ilitoka upande wa mwanamke ikaenda kwa mume. Mwanamke huyu alikuwa na mali ya sarafu milioni 4 za Kirumi. Mahari aliyomwekea mumewe ilikuwa 300,000 tu, tena kwa sharti kwamba akifa bila kuzaa na Apuleius, fedha hizo zirudi kwa wanawe. Apuleius aliutoa mkataba huo mbele ya gavana kuonyesha kwamba hakuoa kwa tamaa. Sisi tunaona mwenye akili hapo alikuwa Pudentilla. Alijua kusoma, alijua hesabu za mashamba yake, na aliandikisha masharti kabla ya kuolewa. Alhamdulillah, sisi hatuna haja ya kulipa ili tuolewe, Mwenyezi Mungu ametuwekea mahari iwe haki yetu. Lakini ile tabia ya kuandikisha masharti mapema tungeichukua bila aibu.

Tuendelee na neno. Dola ya Kirumi ilianguka, Kilatini kikagawika kikawa Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa. Cambiare haikufa. Waitaliano na Wahispania wanasema cambio, ndiyo maana ukishuka kwenye viwanja vyao vya ndege unaliona limeandikwa juu ya dirisha la kubadilisha fedha. Wareno wanasema câmbio, na majirani zetu wa Msumbiji wanalitumia hivyo hivyo. Wabrazili, ambao nao husema Kireno, wana matumizi mengine ya kuchekesha: wakizungumza kwa redio ya upepo, mtu akimaliza zamu yake anasema câmbio, yaani nimemaliza, sasa zamu yako.

Kwa Wafaransa, sauti ya "ka" ya Kilatini iligeuka "cha" katika maneno mengi. Cantare, kuimba, ikawa chanter. Camera, chumba, ikawa chambre. Na cambiare ikawa changer. Jambo hili lisitushangaze, maana hata huku pwani Mmvita husema mato nasi tunasema macho, na tunaelewana. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kule, na neno likaingia kwenye Kiingereza likiwa change. Likakaa huko miaka mingi, mpaka Waingereza walipolileta kwetu, nasi tukalivisha irabu mwishoni kama tunavyovisha kila mgeni: chenji. Zile ofisi za miaka ya 1990, zilizofunguliwa sheria za fedha za kigeni zilipolegezwa, zilikuja na jina la Kifaransa kamili kwenye vibao vyao, bureau de change. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama Mji Mkongwe chini ya kibao cha Kifaransa, akasema neno lililopita kwa Waingereza, na yote mawili yanatoka kwenye cambiare.

Sisi wa nguo tuna fungu letu pia. Kuna kile kitambaa cha hariri au taffeta ambacho ukikiangalia hivi kina rangi ya zambarau, ukikigeuza kinakuwa kijani. Mabibi harusi wengi wanakipenda kwa nguo ya usiku wa kupambwa, kwa sababu kwenye taa kinacheza. Siri yake ni nyuzi: za urefu zimetiwa rangi moja, za mapana rangi nyengine, basi jicho linaona hii au ile kutegemea mkunjo. Wafaransa wanakiita changeant, kinachobadilika, neno lilelile. Ushauri wa fundi: ukikata kitambaa hicho hakikisha vipande vyote umevielekeza upande mmoja, la sivyo mkono mmoja wa gauni utaonekana zambarau na mwengine kijani, na hapo hakuna pasi itakayokusaidia.

Na wataalamu wa mimea nao walilichukua kwa Kilatini chake. Ukibandua gome la mti mbichi, mkarafuu au mwembe, unakuta utando mwororo wenye utelezi. Ndani ya sehemu hiyo kuna tabaka jembamba linaloitwa cambium, ambalo kwa ndani linatengeneza mti mgumu na kwa nje linatengeneza gome. Anayepandikiza mchungwa lazima aoanishe tabaka hilo la pande mbili, vinginevyo kipandikizi kinakauka.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa ndipo riba inapoingia.

Miji ya Italia ya zama za kati, kama Genoa na Florence, ilikuwa na wafanyabiashara waliopeleka mizigo mbali, na kila mji ulikuwa na sarafu yake. Wabadilisha fedha walikaa sokoni na meza zao, na Florence walikuwa na chama chao kikubwa, Arte del Cambio. Meza au benchi ya mbadilishaji iliitwa banco, na huko ndiko lilikotoka jina la benki. Ndiyo, benki na benchi ni ndugu.

Kanisa lao wakati huo lilikataza riba kwa ukali. Mtaguso wa tatu wa Laterani, mwaka 1179, uliamua kwamba mla riba anayejulikana asizikwe kwa maziko ya Kikristo. Basi wenye fedha walifanya nini? Walikimbilia kwenye cambium. Mtu wa Florence anampa mwenzake florini leo, na mwenzake anaandika hati kwamba italipwa London baada ya miezi kadhaa, kwa fedha ya Kiingereza. Kiwango cha kubadilishia kilipangwa hivi kwamba mkopeshaji, hesabu ikirudi nyumbani, kwa kawaida anabaki na ziada. Ukiuliza, hakuna riba hapa, ni kubadilisha fedha tu. Kwa kuwa bei ya sarafu hupanda na kushuka, wakati mwengine alipata hasara kweli, na hilo likawapa hoja ya kusema ni biashara halali.

Halafu wengine wakazidisha ujanja. Wakaandika hati inayotaja mji wa mbali na sarafu ya kigeni, lakini fedha haiendi popote. Anayekopa na anayekopesha wote wako Florence, na deni linalipwa Florence na nyongeza yake. Wanavyuoni wao waliuita mchezo huu kwa Kilatini cambium siccum, kubadilishana kukavu. Jina zuri sana kwa maoni yetu. Kubadilishana kusikokuwa na maji ndani yake, kumebaki ganda. Papa Pius V aliupiga marufuku mwaka 1571. Mwaka huohuo, London, Malkia Elizabeth wa Kwanza alilizindua jengo la wafanyabiashara lililojengwa na Thomas Gresham, na akaamuru liitwe Royal Exchange. Roma neno linakatazwa kwa sura moja, London linapewa taji kwa sura nyengine.

Huku kwetu Bahari ya Hindi ilikuwa na maneno yake kabla chenji haijafika. Kiarabu kina sarf, kubadilisha fedha, na ajabu ni kwamba mzizi wake nao una maana ya kugeuza, kama ule wa watu wa Gaul. Kutoka hapo tumepata sarafu, na masurufu anayoachiwa mke mume akisafiri. Tunayo hawala, deni kuhamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mwengine. Na wafanyabiashara wa Kihindi walituletea hundi, hati ambayo mtu aliitoa mji mmoja ikalipwa mji mwengine ng'ambo ya bahari. Mwanamke wa Unguja anayeongea chenji, sarafu na hundi kwa pumzi moja amebeba mdomoni Roma, Uarabuni na Bara Hindi.

Uislamu uliliweka wazi suala la sarf karne kadhaa kabla ya ile mizunguko ya Florence. Katika hadithi aliyoipokea Ubada bin Samit, radhiallahu anhu, Mtume (s.a.w.) alitaja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Kitu kwa kitu cha aina yake kiwe sawa kwa sawa, na mkono kwa mkono. Aina zikitofautiana, dhahabu kwa fedha kwa mfano, kipimo ni maelewano yenu, ila makabidhiano yawe papo hapo. Ndiyo maana kubadilisha shilingi kwa dola dirishani hakuna tatizo, unatoa unapokea. Lakini yule shoga anayekwambia "nipe dola mia leo, shilingi zake nitakupa mwisho wa mwezi kwa bei tuliyoelewana leo", hapo pana tatizo, kwa sababu upande mmoja umecheleweshwa. Akitaka mkopo, mkopeshe dola akurudishie dola.

Na kuna visa viwili ambavyo kila bibi harusi angevisikia kabla ya kwenda kwa sonara. Cha kwanza ni cha Bilal, radhiallahu anhu. Alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri. Alipoulizwa zimetoka wapi, akasema walikuwa na tende duni, akatoa pishi mbili za duni akapata moja ya nzuri. Mtume akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe, na akamfundisha njia: auze zile duni kwa mauzo yake peke yake, kisha anunue nzuri kwa thamani aliyopata. Angalieni, Bilal hakumdhulumu mtu, na nia yake ilikuwa kumlisha Mtume.

Cha pili kinahusu mkufu. Siku ya Khaybar, Fadhala bin Ubaid alinunua mkufu wa dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipotenganisha dhahabu na shanga akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Akamweleza Mtume (s.a.w.), akaambiwa usiuzwe mpaka vitenganishwe.

Basi jibu la swali letu liko humo. Bangili za gramu 20 kuzitoa kwa seti ya gramu 20 na kuongeza pesa ya ufundi, hiyo ni dhahabu kwa dhahabu na ziada juu yake, na wanavyuoni wengi hawakuruhusu. Wako wachache waliosema ziada ikiwa ni ujira wa kazi ya mikono ina nafasi, na anayetaka kuufuata msimamo huo amwulize sheikh wake, asitegemee maneno ya sonara. Njia safi ni ile aliyofundishwa Bilal. Uza bangili zako, zipimwe mbele yako, hesabu pesa zako mkononi. Kisha, bila kushurutishwa ununue hapohapo, chagua seti unayoitaka na uilipie yote. Unaweza kununua kwa sonara yuleyule. Kuna faida ya kidunia pia, tumeiona mara nyingi: mauzo yakitenganishwa unajua gramu moja ya zamani imenunuliwa kwa bei gani na gramu moja mpya umeuziwa kwa bei gani. Kwenye "kuchenji" hesabu mbili zinafungwa fungu moja, na huwezi kuona umepunjwa wapi.

Na seti za mtandaoni, zile za kutanguliza nusu ya pesa na kumalizia mzigo ukifika? Kwa dhahabu, rai ya wengi ni kwamba haifai, kwa sababu ya sharti la mkono kwa mkono. Kwa mikufu ya urembo isiyo dhahabu wala fedha, sharti hilo halipo.

Limebaki jambo la mahari inayoakhirishwa, na hili ndilo linalotuuma zaidi. Zanzibar imebadilisha fedha mara nyingi. Wazee wa karne ya 19 walihesabu kwa riale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780 hata baada ya yeye kufa. Sayyid Barghash alitoa sarafu zake mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882. Rupia ikatawala, na mwaka 1908 zikaja noti za rupia za Zanzibar. Januari 1936 rupia ikaondolewa, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Aliyekuwa akimdai mumewe mahari ya rupia 100, tangu siku hiyo hesabu yake ni shilingi 150. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania.

Mwaka huo wa 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 7. Mahari ya shilingi 2,000 iliyoandikwa wakati ule ilikuwa karibu dola 280. Leo dola moja inazidi shilingi 2,000, kwa hiyo mwanamke aliyeakhirishiwa mahari yake, akilipwa kwa nambari ile iliyoandikwa, hapati hata dola moja. Wanaokwenda kuandikisha ndoa msimu huu na kutaka sehemu ya mahari iakhirishwe, waulize mapema kama inaweza kutajwa kwa gramu za dhahabu, na karati zake zitajwe. Sarafu ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28 na ushei, na ndani yake mna zaidi ya gramu 23 za fedha safi. Ambaye bibi yake aliolewa kwa riale 40, na bado ziko ndani ya kasha, leo ana zaidi ya gramu 900 za fedha.